Mawasiliano na Nani?

Siku hizi kila anayesimama kuzungumzia vyuo vya uuguzi husema kwamba wanafunzi hawana budi kufundishwa stadi za mawasiliano na namna ya kupanga maisha yao ya kazi. Sina ugomvi na hayo. Ninalouliza ni moja: mawasiliano na nani?

Hapa mjini Babati baadhi ya vijana hao wamepanga vyumba jirani nami, na kwa kuwa wanajua nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, huniletea madaftari niwasaidie Kiingereza. Nimeyasoma. Somo la mawasiliano limeandikwa lote kwa Kiingereza: aina za mawasiliano, barua ya kuomba kazi, wasifu, majibu ya usaili. Tofauti ya lugha imetajwa miongoni mwa vizuizi, mstari mmoja tu, nao ni wa Kiingereza.

Sasa mtazame mgonjwa mwenyewe. Mkoa wetu wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, una Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig, Warangi na Wamasai. Bibi anayeletwa Dareda au Haydom kutoka kijijini pengine Kiswahili anakisikia kidogo tu, hakisemi. Husemewa na mjukuu. Na yapo maradhi ambayo bibi hawezi kuyatamka mbele ya mjukuu wa kiume, hata kwa dawa. Hunyamaza, na ugonjwa huandikwa usio wake.

Hata kwa anayejua Kiswahili mambo si mepesi. Pakiti ya dawa huandikwa moja mara tatu, na muuguzi husema, "Kutwa mara tatu." Kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Mkulima mwaminifu atameza vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, alale usiku mzima bila dawa, na hapo hajakosea Kiswahili hata kidogo. Au karatasi inasema 8.00, na kijana aliyezoea kusoma saa za Kiingereza anamwambia mama, "Saa nane." Mama anasubiri mpaka mchana jua limepinda, wakati dawa ilitakiwa saa mbili asubuhi. Mtihani gani wa Kiingereza utalinasa kosa hilo?

Wapo wanaosema hayo atajifunzia wodini. Mbona sindano hatumwachii ajifunzie peke yake? Sisi wa ualimu tulimsimamisha mwanachuo mbele ya watoto, tukakaa nyuma ya darasa na karatasi ya alama, tukamsikiliza anavyosema. Hakufaulu kwa kueleza ufundishaji ni nini.

Wengine husema vitabu vingi vya tiba ni vya Kiingereza. Ni kweli, na kifundishwe sawasawa, maana ninavyokiona madaftarini kinahitaji msaada mkubwa. Lakini mahakama nazo zilikuwa na hoja hiyo hiyo, na mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kama mshitakiwa anastahili kuelewa hukumu yake, mgonjwa amekosa nini?

Tuje kwenye kupanga maisha ya kazi. Ngazi wanayochorewa ni astashahada, stashahada, shahada, kisha jiji, kisha ofisi, na mwenye bahati ng'ambo. Kila kipawa kinamtoa hatua moja kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa afya ya msingi uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Nani amemfundisha kijana kupanga maisha yake awe muuguzi hodari wa zahanati? Simlaumu kijana. Nyumba ya kuishi huko ni ya kubahatisha, na sijapata kusikia mtu amepandishwa cheo kwa kujua Kibarbaig.

Basi apandishwe. Lugha ya wagonjwa wa wilaya ihesabiwe alama katika kuajiri na katika kupeleka watu masomoni, na aliyekaa zahanati miaka mitano atangulie wenzake wa mjini. Na siku ya mtihani wa mawasiliano, karatasi iwekwe kando. Aitwe bibi mmoja kutoka foleni ya wagonjwa wa nje, kwa ridhaa yake, mwanafunzi amwamkie, amweleze dawa zake, kisha mtahini amuulize bibi: utameza vipi, na saa ngapi?