Saratani Haichomwi kwa Mvuke



Kuna kauli inayozunguka katika nyumba nyingi kila anapogunduliwa mgonjwa wa saratani: kwamba saratani haistahimili joto. Kwa kauli hiyo mgonjwa hufukizwa kwa mvuke wa majani na uvimbe wake hukandwa kwa maji moto. Hata homa ikimpanda huambiwa ashukuru, kwa kuwa maradhi yanaungua. Wanaoyasema haya hawana nia mbaya. Ni mama, shangazi na majirani wanaotamani kumwona mtu wao amepona. Lakini kauli yenyewe ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki isipojulikana humpotezea mgonjwa muda ambao hana. Juma hili tumeona ni vyema tuieleze nusu hiyo, ingawa itatubidi tuingie kidogo ndani ya seli, mahali pasipoonekana kwa macho.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na karibu kazi zote za seli hufanywa na protini. Kila protini huanza ikiwa kama uzi mrefu, kisha hujikunja ikapata umbo lake maalumu. Bila ya umbo hilo haiwezi kufanya kazi. Joto likizidi, umbo huharibika. Kila mpishi ameliona jambo hili jikoni: ute wa yai bichi ni majimaji angavu, lakini ukipata moto huganda ukawa mweupe, kwa sababu protini zake zimekunjuka na kushikamana ovyo. Yai likishaiva halirudi tena kuwa bichi.

Seli hai nayo hukabiliwa na hatari ya namna hiyo, kwa kiwango kidogo zaidi, kila inapopatwa na joto la kupita kiasi, sumu au upungufu wa oksijeni. Hata hivyo haikuachwa bila ya kinga. Kinga hiyo ilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Italia, kwa tukio ambalo halikupangwa na mtu. Mwanasayansi Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza tezi za mate za viluwiluwi wa inzi wa matunda, na mwenzake katika maabara akapandisha joto la kabati walimotunzwa wadudu hao. Ritossa alipotazama kwa hadubini aliona sehemu fulani za kromosomu zimefura, ishara ya kwamba jeni zilizokuwa zimetulia zimeamka na kuanza kazi. Alichapisha habari hiyo mwaka 1962. Mwaka 1974, Alfred Tissières na wenzake walionyesha kile kilichokuwa kikitengenezwa na jeni hizo: kundi la protini ambazo zimeitwa tangu hapo protini za mshtuko wa joto. Majina yake hufuata uzito wake, kama vile HSP27, HSP70 na HSP90. Zimeonekana kwa inzi, kwa mimea, kwa bakteria na kwa binadamu, na si joto peke yake linaloziamsha, bali dhiki za aina nyingi.

Kazi yake ni ipi? Sisi watu wa pwani tuna mfano ulio karibu. Bi harusi huwa na somo wake, yule kungwi anayemsimamia, anayemfunza na kumkinga na watu na maneno yasiyomfaa mpaka atulie katika nyumba yake. Somo si sehemu ya ndoa hiyo. Kazi ikiisha huaga akaenda kwa mwingine. Protini hizi hufanya vivyo hivyo. Hushika uzi wa protini mpya usinase mahali pasipo pake, huusaidia ukunjike sawasawa, kisha huuacha. Protini iliyoharibika kwa joto huisaidia irudi katika umbo lake, na isiyotengenezeka hupelekwa ikavunjwe. Hata katika siku za utulivu seli haziachi kuzitumia: inakadiriwa kwamba HSP90 peke yake ni sehemu 1 hadi 2 katika kila 100 ya protini za seli iliyo salama.

Mpaka hapo habari ni njema. Sasa tuitazame saratani.

Seli ya saratani huishi katika dhiki ya kudumu. Hugawanyika kwa pupa, damu na oksijeni haziitoshi, na jeni zake zilizoharibika huzaa protini zenye kasoro ambazo zingepaswa kuporomoka zenyewe. Seli ya kawaida ikifikia hali kama hiyo hujiua kwa utaratibu, isije ikaudhuru mwili. Seli ya saratani haijiui, na miongoni mwa sababu ni kwamba imewateka wale masomo ikawafanya watumishi wake. Uvimbe wa aina nyingi umekutwa na protini za mshtuko wa joto nyingi kupita kawaida. HSP70 na HSP27 huizuia amri ya seli kujiua. HSP90 huzishikilia wima protini zile zile zinazoisukuma saratani ikue. Mojawapo ni HER2, ambayo huwa imezidi katika takriban kesi moja kati ya kila tano za saratani ya titi. HSP90 ikizuiwa, HER2 haidumu; huvunjwa na kutoweka.

Jambo hili lilithibitishwa vizuri kwa panya. Protini za mshtuko wa joto zina msimamizi wake, anayezipa amri ya kuamka, naye huitwa HSF1. Mwaka 2007, Susan Lindquist na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa panya waliozaliwa bila ya HSF1. Walipopakwa kemikali za kuleta saratani ya ngozi, panya hao walipata uvimbe mchache na wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Yaani msimamizi wa kinga ya mwili ndiye aliyekuwa akiisaidia saratani iote. Lindquist mwenyewe alifariki kwa saratani mwaka 2016, na kazi aliyoianza inaendelezwa na wengine.

Msomaji atauliza: kwa nini basi wasizuiwe watumishi hawa? Madaktari wamejaribu. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba dawa iitwayo geldanamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongoni, huizuia HSP90. Katika maabara ilionekana kuwa na nguvu, lakini iliumiza ini kiasi cha kutofaa kwa mgonjwa. Dawa nyingine za jamii hiyo zilifuata, na nyingi zilishindwa katika majaribio. Ugumu mmoja ni huu: HSP90 ikifungwa mikono, HSF1 huamka na kuita HSP70 kwa wingi, nayo huja kuiokoa seli. Ukimzuia mtumishi mmoja, nduguye huingia kwa mlango wa nyuma. Ugumu wa pili ni kwamba seli zetu nzima nazo zinawahitaji watumishi hao hao. Hata hivyo juhudi hazikupotea bure: mwaka 2022 Japani iliidhinisha dawa ya aina hii iitwayo pimitespibi, kwa wagonjwa wa uvimbe wa njia ya chakula unaojulikana kama GIST ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia.

Sasa turudi kwenye ile kauli ya joto, tuipe haki yake. Ni kweli kwamba joto hutumika hospitalini dhidi ya saratani. Katika baadhi ya nchi uvimbe hupashwa kwa mashine hadi baina ya nyuzi 40 na 45, kwa muda unaopimwa, na sindano za kupimia joto huweza kuwekwa mle mle ndani. Joto hilo halitumiwi peke yake, bali pamoja na mionzi au dawa za saratani, kwa kuwa huizuia seli isijitengeneze baada ya kupigwa na mionzi. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2000, wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kukomaa waligawiwa makundi mawili. Baada ya miaka mitatu walikuwa hai 27 katika kila 100 waliopewa mionzi pekee, na 51 katika kila 100 waliopewa mionzi pamoja na joto. Si tafiti zote zilizofuata zilizoipata faida hiyo.

Lakini waganga wa mashine hizo wana tahadhari moja inayotuhusu sana. Seli iliyopashwa joto isife huwa sugu: kwa siku mbili tatu hivi hulistahimili joto la pili kuliko lile la kwanza, kwa sababu wale walinzi wameshaamka. Ndiyo maana kikao kimoja hutenganishwa na kingine kwa siku kadhaa.

Zingatieni basi mvuke wa nyumbani. Haupimwi na haufiki ndani, kwa kuwa damu huchukua joto na kulitawanya, na ngozi huungua kabla uvimbe haujapata moto wa kuudhuru. Hatusemi kwamba kitambaa cha maji moto kinaikuza saratani. Hilo halina ushahidi. Tunasema kwamba hakiiui, na seli tunayodhani tunaichoma mara nyingi huwa na protini za mshtuko wa joto nyingi kuliko jirani yake iliyo nzima. Kinachopotea ni miezi. Uvimbe wa titi uliokuwa mdogo kama punje ya choroko, ambao pengine ungeondolewa na mgonjwa akapona, hupewa nafasi ya kufika kwenye mifupa na ini wakati sisi tunachemsha majani.

Kwa hiyo tunawaomba kina mama na familia zetu mambo manne.

Kwanza, uvimbe mpya wa titi, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na damu ya ukeni inayotoka baada ya hedhi kukoma au baada ya tendo la ndoa, vipelekwe kwa daktari juma hilo hilo. Visisubiri sikukuu ipite wala harusi iishe.

Pili, mgonjwa anayepewa dawa za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hiyo ni dharura, hata ikiwa ni usiku wa manane. Dawa hizo hupunguza askari wa damu, na maambukizi madogo huweza kumuua kwa muda mfupi. Asiambiwe kwamba saratani inaungua. Apelekwe hospitali.

Tatu, ngozi iliyopigwa mionzi isikandwe kwa maji moto wala isifukizwe, kwani huungua kwa wepesi. Aliyeondolewa tezi za kwapani naye aukinge mkono wa upande huo na joto kali, maana huweza kuufanya uvimbe.

Nne, tumweleze daktari kila tunachokitumia nyumbani, yakiwemo majani, mafuta na vidonge vya kununua, bila ya kuona haya. Daktari asiyejua hawezi kutukinga.

Nao mapenzi ya mama, shangazi na majirani yana kazi nyingi ya kufanya. Mgonjwa anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki, wa kushika daftari la miadi, wa kumpikia uji anapokosa hamu ya chakula, na wa kukaa na watoto siku ya dawa. Huo ndio usomo wa kweli: kusimama naye mpaka atulie.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza. Amin.