Barakoa: Hasira Yako kwa Polisi Isimkoholee Nyanya Yako



Kila baridi ikiingia na watu waanze kupiga chafya, hii maneno ya barakoa inarudi kwenye magrupu yetu. Mmoja anasema, "Utafiti ulishatoka, barakoa hazifanyi kitu, tulichezewa." Mwingine anajibu, "Wewe hujali wazee." Jumbe mia moja baadaye, watu wamekosana na hakuna aliyejifunza chochote.

Sisi tunaona pande zote mbili zina ukweli nusu nusu, na nusu ya ukweli inaweza kumlaza mtu hospitalini. Kwa hivyo leo wacha tuongee polepole.

Tuanze na hasira, kwa sababu hasira yenyewe ni ya haki.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kufikia Aprili, kutembea mahali pa umma bila barakoa kulikuwa kosa la jinai: faini hadi shilingi 20,000 au kifungo hadi miezi sita. Fikiria mama anayeuza mboga sokoni Kitale, au kijana wa boda pale Bungoma. Elfu ishirini ataitoa wapi? Wakati huo Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa bado halijawashauri watu wa kawaida wavae. Lilibadilisha ushauri wake tarehe 5 Juni 2020. Mwananchi akauliza: kwani mmejua lini, na mbona mnatukamata kwanza kabla ya kutueleza?

Tukumbuke pia kafyu. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, Yassin Hussein Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi, polisi wakisimamia kafyu. Kufikia Juni mwaka huo, IPOA ilikuwa imetaja vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Mwaka huohuo kukaja sakata ya KEMSA, manunuzi ya vifaa vya korona ya shilingi bilioni 7.8 yaliyochunguzwa kwa bei za kupita kiasi. Wewe unafukuzwa steji kwa sababu ya kitambaa cha mdomo, na juu kuna watu wanatajirika na vitambaa hivyohivyo.

Sasa matokeo yake yalikuwa nini? Barakoa ikageuka kuwa kitambulisho cha kumwonyesha askari. Ukimwona, unaipandisha. Akipita, inarudi kidevuni. Watafiti waliofanya kazi huku kwetu magharibi mwa Kenya waliwapigia watu simu kuwauliza, na karibu tisa kati ya kumi wakasema wanavaa wakiwa mahali pa umma. Halafu wakatuma watu wasimame barabarani na sokoni wahesabu kwa macho. Waliokuwa wamevaa sawasawa walikuwa karibu mmoja kati ya kumi.

Hapo ndipo tunataka usimame kidogo. Ukiambiwa "barakoa zilishindwa Kenya," uliza kwanza: zilivaliwa?

Swali hilohilo ndilo ufunguo wa ule utafiti mkubwa ambao kila mtu anautaja. Januari 2023, shirika la Cochrane lilitoa tathmini iliyokusanya majaribio 78 kuhusu njia za kuzuia maradhi ya njia ya hewa, kama kunawa mikono na kuvaa barakoa. Ilisema kuwahimiza watu wavae barakoa pengine kulileta tofauti ndogo sana au hakukuleta kabisa. Mitandao ikawaka: "Barakoa hazifanyi kazi, imethibitishwa!" Machi mwaka huohuo, mhariri mkuu wa Cochrane alilazimika kutoa taarifa kwamba kuisoma hivyo ni kupotosha. Kilichopimwa ni kampeni za kuwafanya watu wavae, na majibu hayakuwa na uzito wa kufunga mjadala.

Tofauti iko wapi? Mfano mzuri uko kwa mahujaji wetu. Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti waliwachukua mahujaji zaidi ya 7,600 katika mahema 318 kule Mina. Mahema mengine yalipewa barakoa, mengine hayakupewa. Mwishoni, maambukizi hayakuonyesha tofauti ya maana. Ukiishia hapo, utasema barakoa ni bure. Lakini endelea kusoma: kwenye mahema yaliyopewa, ni kama mmoja tu kati ya wanne aliyevaa kila siku. Ukigawa miavuli kwa watu mia, sabini na tano wasiifungue wakati wote wa mvua, huwezi kusema mwavuli hauzuii mvua. Umejifunza kwamba kugawa miavuli pekee hakutoshi. Ni somo muhimu pia, lakini ni somo lingine.

Denmark nao walijaribu na watu kama 6,000, mwanzoni mwa janga mwaka 2020. Waliopewa barakoa, asilimia 1.8 waliambukizwa. Wasiopewa, asilimia 2.1. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Waliosema walivaa sawasawa na maelekezo hawakufika nusu. Na jaribio liliuliza jambo moja tu: je, aliyevaa anajikinga? Halikuuliza: je, aliyevaa anamkinga jirani yake?

Hilo swali la pili ndilo kubwa zaidi kwetu. Barakoa ya kawaida ya bluu ina nafasi pembeni, hewa inapita. Ukiwa mzima umekaa na mgonjwa asiyevaa chumbani kwa masaa, itakusaidia kiasi tu. Lakini mgonjwa mwenyewe akiivaa, yale matone na vichembe vinavyotoka akikohoa vinanaswa palepale kabla havijasambaa. Afrika Kusini walipima hili kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu. Hewa ya wodi ilipelekwa kwenye vyumba vya wanyama wadogo wa maabara. Siku wagonjwa walipovaa barakoa za upasuaji, hatari ya wale wanyama kuambukizwa ilipungua kwa asilimia 56. Kifua kikuu ni bakteria, si virusi, lakini kinasafiri kwa hewa ileile inayobeba korona na homa.

Kisha kuna jaribio ambalo tungependa kila kamati ya msikiti ilijue. Bangladesh, kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021, vijiji 600, watu kama 340,000. Katika nusu ya vijiji, barakoa ziligawiwa bure majumbani, sokoni na misikitini. Watu walielezwa, wakakumbushwa kwa upole, na maimamu wakaongea kuhusu barakoa siku ya Ijumaa. Waliovaa sawasawa wakapanda kutoka 13 kwa mia hadi 42 kwa mia. Na unajua ongezeko lilikuwa kubwa zaidi wapi? Msikitini.

Matokeo: katika vijiji vilivyopewa barakoa za upasuaji, wagonjwa wa korona wenye dalili walipungua kwa karibu asilimia 11. Kwa wazee wa zaidi ya miaka 60, kwa karibu asilimia 35. Za kitambaa hazikutoa jibu la wazi. Asilimia 11 si muujiza, na yeyote aliyekuambia barakoa ni ngao kamili alikudanganya. Lakini hiyo ni pamoja na wengi ambao hawakuvaa kabisa. Na ile 35 ya wazee, hao ni babu na nyanya walioendelea kukaa barazani kwao badala ya kwenda kuwekewa oksijeni.

Umeona? Kenya ilitumia faini na rungu, ikapata karibu mmoja kati ya kumi. Bangladesh walitumia maelezo, barakoa za bure na sauti ya imamu, wakapata zaidi ya wanne kati ya kumi. Hii ndiyo maana sisi kama vuguvugu la haki tunaingia kwenye mambo ya daktari. Kuheshimu haki za watu si kikwazo cha afya, ni njia iliyofanya kazi vizuri zaidi.

Kuna jambo dada zetu wametuuliza mara nyingi: je, niqabu inatosha? Niqabu ni stara na heshima yako, na hakuna mwenye haki ya kukuvua. Lakini haikushonwa kuwa kifaa cha hospitali. Iko wazi chini, hewa inatoka na kuingia bila kuchujwa. Kama una kikohozi, vaa barakoa ndani, niqabu juu. Na mkumbuke kioja cha Ufaransa: sheria ya mwaka 2010 ya kupiga marufuku kufunika uso ilibaki palepale, huku kuanzia Mei 2020 mtu akipigwa faini kwa kutofunika pua na mdomo kwenye basi. Kumbe uso uliofunikwa haukuwa shida. Shida ilikuwa nani ameufunika na kwa nini.

Haya, sasa tufanye nini hapa nyumbani?

Kwenye matatu. Ukitoka Kitale asubuhi kwenda Bungoma, baridi ya Kitale inafanya kila dirisha lifungwe, watu kumi na wanne wanavuta pumzi moja mpaka mfike. Hapo ndipo barakoa ina kazi, kuliko ukiwa unatembea peke yako kando ya barabara. Kama unakohoa, vaa, ifunike pua, na fungua dirisha hata inchi mbili. Makanga akilalamika, mwambie kwa adabu.

Msikitini. Fungueni madirisha wakati wa alfajiri na tarawehe, hata kama ni baridi. Kamati iweke boksi la barakoa mlangoni kwa anayekohoa, bila kumnyooshea mtu kidole. Waliouliza kuhusu kuswali mdomo ukiwa umefunikwa, wanazuoni wengi walieleza wakati wa korona kwamba karaha yake huondoka kukiwa na haja. Muulize imamu wako. Na ukiwa mgonjwa kweli, kuswali nyumbani si udhaifu wa imani. Ni kumhurumia mzee atakayesimama safu moja na wewe.

Nyumbani. Kama unaishi na nyanya, mtu mwenye sukari au mtoto mchanga, mwenye mafua ndiye avae. Usisubiri mzee ajikinge na wewe. Anayemuuguza mgonjwa wa kifua kikuu aulize hospitali kuhusu barakoa ya N95, ile inayobana vizuri usoni.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Usikifunike na barakoa ukadhani umemaliza. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Dawa zake katika hospitali za umma ni bure.

Kwa viongozi wetu wa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma: janga lingine likija, msianze na polisi. Anzeni na barakoa za bure kwa wachuuzi na wahudumu wa boda, maelezo kwa Kiswahili, Kibukusu na Kisabaoti, na hesabu za manunuzi zibandikwe ukutani kila mtu asome. Mkisema jambo leo na ushahidi ukabadilika kesho, semeni wazi kwamba umebadilika na kwa nini. Mwananchi anaelewa. Kinachomuudhi ni kufanywa mjinga.

Na kwako kijana unayesoma hii kwenye simu: una haki ya kuuliza maswali, na usikubali mtu akunyamazishe kwa sababu umeuliza. Lakini uliza mpaka mwisho. Ukitumiwa posti inayosema "utafiti umethibitisha," uliza ulipima nini, wangapi walivaa kweli, na alikuwa anakingwa nani. Maswali hayo matatu yatakuokoa na uongo wa pande zote mbili.

Sharti la kuvaa barakoa nje liliondolewa tarehe 11 Machi 2022. Leo hakuna askari anayekungoja steji. Sasa uamuzi ni wako, na ndiyo maana ni mzito zaidi. Ukivaa leo kwa sababu unakohoa na umekaa karibu na mzee wa watu, hakuna atakayesema uliogopa faini. Umefanya kwa hiari yako.

Mtumie rafiki mmoja ambaye mnabishana naye kuhusu hili. Halafu mzungumze, msitukanane.

Wabillahi tawfiq.