Msafiri Maskini, Ajapokuwa Sultani

Wazee wetu wa pwani walisema, "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Methali hii haihitaji kuelezwa sana kwa watu waliozaliwa mbele ya bahari. Ukishatoka kwenu, mali yako iko mbali na jamaa zako wako mbali. Hata uwe na cheo gani, utamhitaji mtu usiyemjua akuonyeshe njia, akupe maji na mahali pa kulaza ubavu.

Siku hizi methali hiyo imepinduliwa. Wako wasafiri wanaokaa njiani mwaka mzima au zaidi, mkoba mmoja mgongoni, wakila na kulala kwa bei ndogo, nao husema wameikimbia saa na kalenda ili waishi siku ya leo tu. Wala si Wazungu peke yao. Mpwa wangu mmoja, kijana wa Mombasa, aliacha kazi yake ya ukarani akasema ataizunguka Afrika Mashariki polepole. Alianzia Nairobi. Alipanga chumba Makina, katika Kibera, kisha akahamia Kawangware. Akaniandikia: "Mjomba, huku nimejifunza kuishi. Watu hawa hawahangaiki na kesho."

Nilipokwenda kumtazama nilimwambia kwamba la kwanza huenda likawa kweli, lakini la pili si kweli hata kidogo. Na kwa kuwa wako wengi waaminio kama yeye, naomba ruhusa ya wasomaji niyaseme hapa niliyomwambia.

Tuanze na Makina. Hapo ndipo walipo Wanubi, Waislamu wenzetu, wajukuu wa askari wa Kisudani waliowatumikia Waingereza katika jeshi la King's African Rifles, wakawekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibra ni lao, na kwa Kinubi maana yake ni msitu. Walipewa mahali pa kukaa, hawakupewa hati. Wakadai chini ya mkoloni, wakadai baada ya uhuru wa 1963, na ni mwezi wa Juni 2017 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi hati ya pamoja ya ekari 288, katika ardhi ambayo zamani ilizidi ekari 4,000. Je, watu walioingoja karatasi moja kwa karibu karne nzima, baba akimrithisha mwanawe madai, ndio waambiwe kwamba hawana habari ya kesho?

Ni kweli kwamba Kibera mtu hununua vitu vya siku moja: mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya kufungwa katika karatasi, maji kwa mtungi wa lita 20. Wenyewe huita kununua kadogo. Lakini mtu hanunui hivyo kwa kuwa ameonja utamu wa leo. Hununua hivyo kwa kuwa ujira wake ni wa siku, naye anajua vizuri kuliko mimi na wewe kwamba mwezi ukiisha atakuwa ametoa fedha nyingi zaidi kuliko tajiri anayenunua kwa gunia.

Huko Kawangware nako, amka alfajiri uitazame njia iendayo Lavington, mtaa wa matajiri unaopakana nao. Mafundi, yaya, walinzi na watunza bustani wanakwenda kwa miguu ili waokoe nauli. Akina mama wanaketi kando ya barabara wakingoja kuitwa kufua nguo. Aliyeketi pale hana hakika ya chakula cha mchana. Lakini muulize, atakwambia zamu ya chama chao ni ya nani mwezi ujao, karo ya mwanawe yatakiwa lini, na mamake kijijini atatumiwa nini kwa simu.

Basi ziko leo mbili, leo ya hiari na leo ya lazima. Msafiri akichoka huondoka. Mama yule akichoka haondoki, na siku atakayopata njia ya kuiacha leo yake, ataiacha mchana kweupe. Kumsifu kwamba hahangaiki ni sawa na kumsifu anayezama kwamba amezoea maji.

Sisemi watu wasisafiri, wala sisemi ni vibaya kutua mzigo wa haraka. Sisi ni watu wa misimu. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yalikaa Lamu, Mombasa na Unguja yakiingoja kusi iyarudishe. Mabaharia hawakuwa na pupa, maana pupa haigeuzi upepo. Waliswali na wenyeji, wakala nao, wakauza na kununua. Walikuwa na utulivu wa leo, lakini hakuna nahodha aliyesahau msimu wake wala deni lake.

Na Ibn Batuta je? Alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, akapita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, asirudi Morocco hata 1349. Ndiyo, alikula sana kwa ukarimu wa watu. Lakini kule Delhi na Maldivi alifanya kazi ya ukadhi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, yeye alilishika.

Dini yetu imemtaja msafiri aliyekatikiwa njiani, ibn-sabil, katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Hiyo ni haki ya mtu ambaye mali yake haimfikii. Mwenye akiba benki na simu mfukoni hajakatikiwa. Huyo ni sultani anayejivika umaskini, na badala ya kuwa na haki juu ya mwenyeji wake, ana deni kwake. Akumbuke kwamba bei ndogo anayojivunia ndiyo pato la mtu. Akiteta na muuza chapati ili apunguziwe shilingi tano, kwake ni mchezo wa safari, lakini kwa mwenzake ni sehemu ya fedha za maji. Alipe anachotajiwa, ajue jina la jirani, achange kwenye msiba, asipige picha watoto wa watu kama wanyama wa mbugani. Akifanya hayo ataishi leo kwa kweli, kwa maana atakuwa anaishi na watu.

Kijana hakunijibu siku ile. Baada ya majuma mawili aliniandikia kwamba jirani zake, waliposikia amewahi kuwa karani, wamempa kazi ya kutunza daftari la chama chao. Jioni za Jumapili hukaa nao akiandika. Asema hakuna ukurasa usio na tarehe ya mwezi ujao.