Programu Isiyojaribiwa Isipewe Alama

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu unatufaa sana sisi walimu wa taaluma ya tarakilishi pamoja na wanafunzi wetu, kwani tumezoea kutoa alama pindi programu inapofanya kazi mara moja mbele ya mwalimu. Mimi naipinga desturi hiyo.

Tangu Docker ilipotolewa mwaka wa 2013 na Kubernetes mwaka wa 2014, programu nyingi hufungwa ndani ya makontena pamoja na vyote zinavyovihitaji, kisha huhamishwa kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Kubernetes ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani, na kazi yake ni kuyaongoza makontena hayo. Ukiiagiza idumishe nakala tatu za programu, na moja ikafa, huanzisha nyingine bila kungoja amri.

Wapo wanaodai kuwa kontena limemaliza udhia wa programu kukubali hapa na kukataa kule. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Kontena hubeba kosa kama libebavyo usahihi, na mazingira mapya huzua makosa mapya. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia takriban sekunde 40 baada ya kurushwa. Sehemu ya programu yake ilitolewa katika Ariane 4, ambako haikuwa na tatizo. Haikuwa imejaribiwa kwa mwendo wa roketi hiyo mpya, uliokuwa wa kasi zaidi.

Dawa ni majaribio yanayojiendesha. Kila programu inapobadilishwa, kontena hujengwa upya, jukwaa dogo huanzishwa, maombi hutumwa na majibu hukaguliwa. Kisha kontena moja huuawa makusudi ili ibainike kama jingine litachukua nafasi yake. Mwishowe jukwaa lote hufutwa, ili jaribio lijalo lisirithi masalio.

Hata hivyo, kuna jaribio kigeugeu, linalofaulu leo na kufeli kesho ilhali hakuna kilichobadilishwa. Mara nyingi chanzo ni kungoja sekunde za kukisia, badala ya kuuliza tena na tena kama kontena li tayari, hadi muda uliowekwa uishe. Wengi hulirudia jaribio hilo hadi lifaulu, wakashangilia. Mlinzi akipiga kamsa kila usiku bila sababu, siku mwizi atakapokuja hakuna atakayeamka.

Nitaambiwa kwamba shule zetu hazina mitambo. Programu iitwayo kind, iliyobuniwa kwa ajili ya kuijaribu Kubernetes yenyewe, huendesha jukwaa zima ndani ya tarakilishi moja. Faili zinazohitajika zaweza kupakuliwa mara moja, zikahifadhiwa na kugawiwa wanafunzi bila kulipia intaneti kila siku.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, jaribio lipewe alama sawa na programu. Mwanafunzi na aiharibu programu yake makusudi. Jaribio lisiponasa kosa hilo, halifai kitu. Nanyi wanafunzi, msingoje kuamriwa. Programu mtakazozitunga kesho zitabeba mishahara, matokeo ya mitihani na rekodi za wagonjwa. Zikikwama, atakayeumia kwanza si mtungaji, bali mgonjwa aliye kwenye foleni.