Uliza Njia ya Kurudi Kabla ya Kulipa

Abiria wa Reli ya Kati hupita Tura, wilayani Uyui, bila kujua kwamba hapo ndipo mashamba ya Unyamwezi yalipokoma. Karne ya 19, msafara uliotoka Tabora kwenda pwani ulijiwekea akiba ya chakula Tura kabla ya kuingia Mgunda Mkali, pori la vichaka vizito na maji haba lililoenea hadi Ugogo. Mpagazi mwenye mzigo wa karibu kilo 30 begani hakulivuka kwa ujasiri mtupu. Visima vilipoachana mbali, msafara ulikunywa, ukajaza vibuyu, ukaondoka mchana, ukalala njiani bila maji, na asubuhi ukawahi kisima cha mbele kabla jua halijakaza. Hesabu hiyo ilipigwa Tura, mahali ambapo mtu bado aliweza kusema siendi, na wapagazi wengi walisema hivyo kwa miguu yao: wasafiri wa Kizungu Burton, aliyepita njia hiyo 1857, na Stanley, 1871, wote waliandika kuhusu watoro.

Anayetaka kupanda Kilimanjaro au kuruka kwa kamba likizoni naye apige hesabu mapema. Swali la kwanza ni atarudije akishindwa katikati. Moyo wa kuthubutu utafuata baadaye. Kwenye kamba, ukishaachia miguu hakuna kurudi, na uhai wako uko kwa aliyefunga. Desemba 31, 2011, kamba ilimkatikia mtalii wa Australia kwenye daraja la Victoria Falls, akatumbukia Zambezi miguu imefungwa, lakini akaokoka. Mlimani, kinyume chake, kila hatua ina njia ya kushuka, lakini kuifuata ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. Mtu ameshalipa, ameaga jamaa, ameamshwa usiku wa manane kwenda kileleni, mita 5,895. Kichwa kinamgonga, anatapika, anayumba kama mlevi. Kuyumba huko kunaweza kuwa dalili ya ubongo kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka. Ndiyo saa ambayo akili yake haifai tena kuamua.

Wapo watakaosema maelfu hupanda na kurudi salama. Ni kweli, ila usalama wao hauusemei mwili wako: kijana mkimbiaji huweza kuugua, mzee aliyepanda taratibu asidhurike. Wengine watasema wapagazi walifuata riziki, si starehe. Kweli pia, na njia hiyohiyo ilipitisha watumwa ambao hawakuulizwa lolote. Kwa sababu hiyo hasa, asiyesukumwa na njaa wala mnyororo hana udhuru wa kutouliza. Aulize safari ni ya siku ngapi, maana ushauri wa madaktari, ukishapita mita 3,000, ni kutolala zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Aulize kama bima yake inalipa kwenye kimo hicho, na kama kiongozi wa msafara ana kauli ya mwisho ya kumshusha hata akikataa. Akijibiwa "usijali" tu, asilipe.