Miswada ya Lamu Imefunguliwa, Sasa Tuisome
Mwenye simu na bando leo anaweza kufungua miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Chuo cha SOAS, London, kinachohifadhi tenzi zilizonakiliwa na Muhammad Kijuma wa Lamu, nacho kimeweka mtandaoni sehemu ya miswada yake ya Kiswahili. Kuza picha utazame: wino mwekundu, matundu ya wadudu, maelezo yaliyobanwa pambizoni, na chini ya ukurasa neno linaloanza ukurasa unaofuata, lililowekwa ili karatasi zisichanganyike. Mkono wa mnakili hauonekani hivyo katika kitabu cha chapa. Hata hivyo, picha peke yake si kinga. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na miswada yake ya mtandaoni ikawa haipatikani kwa muda mrefu. Kwa hiyo nakala zizidi kuhifadhiwa katika maktaba za pwani yetu, na karatasi zenyewe zitunzwe vizuri palepale zilipo. Zaidi ya yote, wanahitajika wasomaji. Mwanafunzi anayehitimu shahada ya Kiswahili bila kuweza kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu amenyimwa karne nzima nzima za fasihi yake. Idara za Kiswahili vyuoni zifanye hati hizo kuwa somo la lazima, tena tangu mwaka wa kwanza.