Tamko la Kutaka Chanzo cha Maradhi Kitibiwe Arua na Koboko

Sisi wahudumu wa afya ya jamii, wauguzi na waganga wa mitishamba wa Arua na Koboko, tuliojiunga katika chama kimoja, tunatoa tamko hili kwa wananchi, viongozi wa dini na serikali za mitaa.

Presha na ugonjwa wa sukari vimeingia majumbani mwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Uganda ana presha, na walio wengi hawakuwa na habari. Vidonge peke yake havitoshi. Anayemeza kidonge alfajiri, kisha akanywa chai ya vijiko vinne vya sukari kwa chapati inayochuruzika mafuta, na kushinda dukani amekaa, atarudi kliniki na presha ileile.

Kutafuta chanzo si elimu ngeni hapa. Katika hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, madaktari wawili ndugu, Ted na Peter Williams, walitunza kumbukumbu za wagonjwa kwa makini ya ajabu. Mwaka 1961 Ted alifunga safari na daktari mpasuaji Denis Burkitt na mwenzao Cliff Nelson. Walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika hospitali walizopitia: uvimbe huu wa taya za watoto mnauona? Wakabaini kuwa ugonjwa ule unafuata joto na mvua. Baadaye Burkitt, pamoja na Hugh Trowell aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aligeukia chakula. Waliona kwamba Waafrika waliokula nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga hawakusumbuliwa sana na kufunga choo wala kidole tumbo. Kitabu chao cha mwaka 1975 kiliifundisha dunia thamani ya nyuzinyuzi. Inatuuma kwamba somo lililotoka kwenye vyungu vya mama zetu linasahaulika hapahapa, enyasa, ugali wetu wa mtama na muhogo, ikiupisha unga mweupe uliokobolewa, na kunde zikihesabiwa kuwa chakula cha maskini.

Burkitt huyohuyo aliwatibu watoto wenye uvimbe ule wa taya kwa dawa za saratani, na baadhi yao wakapona kabisa. Kwa hiyo tunamlaani hadharani kila anayesimama sokoni na chupa yake akimwambia mgonjwa atupe dawa za hospitali. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2019 ipo. Wanachama wetu waganga wameahidi kuifuata, na atakayemwachisha mgonjwa dawa tutamfukuza chamani.

Moyo nao huugua, na mwili ukaumwa pamoja nao. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Walioingia kwenye mafunzo walikaa vikundi vikundi kwa vikao vitano, wakisikiliza kwa Kiarabu cha Juba maelekezo yaliyorekodiwa ya kutulia na kuyakabili mawazo mazito. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Tunataka mafunzo ya namna hii yafike makazi ya wakimbizi ya Lobule, Koboko, na vijiji vya wenyeji pia, misikitini na makanisani.

Miongoni mwa vyanzo vya maradhi, tumbaku tunaitaja kwa uchungu, kwa sababu imesomesha watoto wengi wa eneo letu la West Nile. Sheria ya mwaka 2015 inadhibiti uvutaji, lakini mkulima hawezi kung'oa tumbaku kabla hajapata bei nzuri ya ufuta na karanga. Jukumu hilo ni la serikali, na tunaidai.

Nawe msomaji, nenda ukapimwe presha na sukari kwenye kituo kilicho karibu nawe. Ukipewa dawa, zimeze kama ulivyoelekezwa, kisha rudisha mtama na kunde mezani, utembee kwa miguu kwenda sokoni.